Watoto 24, chumba kimoja, kila mtoto achague kazi yake: tuanzie wapi? (Tanga)

mwalimu_chumbageni

Wanajamvi, habari za jioni.

Shule yetu ni ndogo, ya awali tu, ipo Tanga mjini. Watoto 24 wa miaka 3 hadi 6, wote chumba kimoja cha mita 6 kwa 7. Mwalimu mmoja, msaidizi mmoja. Tunataka kuachana na mtindo wa wote kuketi wakiimba "a, e, i, o, u" nyuma ya fimbo ya mwalimu, twende kwenye mtoto kuchagua kazi mwenyewe na kujifunza kwa mikono, kwa njia ya Montessori au inayokaribiana nayo. Fungu la kuagiza zana nje halipo. Yupo fundi seremala wa kuaminika, na vya soko la Mgandini tunavimudu.

Naomba msaada kwa haya:

1. Kazi zipi ziwe za kwanza, na ngapi? Tumejaribu siku tatu kwa kuweka zana 30 hivi kwenye rafu na kuwaambia wachague. Ikawa choroko sakafuni, kugombania vikombe na mbio. Kosa liko wapi?

2. Zana gani fundi anaweza kutengeneza, kwa vipimo gani, na mbao ipi haitapinda kwa hewa hii ya bahari?

3. Kusoma tuanze na sauti au silabi? Wengi wao mchana wanakwenda chuoni (madrasa), na kule wanasoma kutoka kulia.

mlezi_raskazone

Mwalimu, watoto hawana kosa hapo. Zana 30 zimewekwa mbele ya mtoto ambaye hajaonyeshwa hata moja, halafu akaambiwa chagua. Atachagua nini asichokijua? Atakachofanya ni kukijaribu kwa njia anayoijua: kumwaga, kugonga, kukimbia nacho. Kanuni ya kwanza iwe hii na msiilegeze: mtoto anachagua miongoni mwa kazi alizokwisha kuonyeshwa. Ambayo hajaonyeshwa anaomba, na mwalimu anamwonyesha akipata nafasi.

Kwa hiyo toeni karibu zote. Wiki mbili za kwanza rafu ibaki na kazi 10 hadi 12, nyingi ziwe zile ambazo mtoto anaziona nyumbani. Nyingine zirudi moja moja, mbili tatu kwa wiki. Muhula ukiisha mfike kazi 35 hivi kwa watoto 24, ili hata wote wakiwa kazini rafu isiwe tupu.

Kabla ya kazi yoyote kuna somo la mkeka. Tafuteni mikeka midogo ya ukindu, sentimita 60 kwa 90, 14 hivi. Watoto waliobaki watafanyia kazi mezani. Onyesheni kukunjua, kukunja kwa kubana, kuurudisha kikapuni ukiwa wima, na kutembea pembeni yake bila kuukanyaga. Mkeka ni nyumba ya mwenye kazi. Anayetaka kusogea anapiga hodi. Akiambiwa "karibu" anakaa, akiambiwa "bado" anaondoka. Watoto wa pwani hili halihitaji kuelezwa mara mbili, hodi wanaijua tangu kwao. Ugomvi wa vikombe utapungua sana kwa somo hili peke yake.

Sasa kazi zenyewe. Kumimina: jagi mbili ndogo zinazolingana, za mililita 250, kwenye sinia lenye ukingo. Tieni choroko nusu jagi, isizidi. Choroko zinafika sakafuni kwa sababu tatu: jagi limejazwa, sinia ni bapa, au mtoto hakuonyeshwa kuokota. Kuokota ni sehemu ya kazi, kwa hiyo pembeni ya rafu pawe na kifagio cha chelewa kilichokatwa hadi sentimita 30 na kizoleo chake. Akiweza choroko, mpeni mchele. Akiweza mchele, maji mililita 150 na kitambaa cha kufutia. Jagi la maji liwe la kioo au la udongo, msikimbilie plastiki. Chombo kisichovunjika hakimwambii mtoto chochote anapokiweka kwa kishindo.

Kuhamisha kwa kijiko: komwe 10 kutoka bakuli kwenda kwenye kifuu kilichopigwa msasa. Kunawa mikono: beseni, maji lita moja, kipande cha sabuni kisichozidi kidole gumba. Mkiweka mche mzima, atachezea povu nusu saa na wenzake wanasubiri. Kufunga vifungo: fremu ya sentimita 30 kwa 30, vipande viwili vya kitenge, vifungo 5 vya sentimita 2.5, vidogo zaidi ya hapo vinamkatisha tamaa wa miaka 3. Kukunja leso nne zenye mstari wa uzi uliokwisha kushonwa pale pa kukunjia. Kupepeta kwa ungo wa sentimita 25. Kumenya ndizi, kuikata kwa kisu butu, kuwakaribisha wenzake. Kwa wa miaka 5 na 6, kusuka miyaa: anzeni na nyuzi tatu pana za sentimita 2, na miyaa iloweshwe kidogo kwanza, mikavu inapasuka na kumchoma vidole. Kukuna nazi wanaipenda mno, lakini meno ya mbuzi hayana mchezo. Mmoja mmoja, mkubwa akiwa pembeni, na kifuu kisikunwe hadi mwisho.

Namna ya kuonyesha ndiyo inayoamua yote. Mtoto akae kushoto kwako kama unatumia mkono wa kulia, ili mkono wako usimzibe. Taja jina la kazi, kisha nyamaza. Mkono ukitenda huku mdomo unaeleza, mtoto wa miaka 3 hajui afuate kipi. Fanya polepole kuliko unavyodhani inatosha, simama kidogo pale penye ugumu (choroko za mwisho, tone la mwisho la maji), rudisha kila kitu kilivyokuwa, umwachie. Dakika mbili hadi tano. Kazi zote ziende kutoka kushoto kwenda kulia, hata kumimina. Hili litasaidia swali lako la tatu.

Kila kazi iwe moja tu chumbani, hata kama fedha ya kununua mbili ipo. Kusubiri zamu na kumtazama mwenzako anavyofanya ni masomo makubwa kuliko choroko. Na kazi iwe na njia ya kumwambia mtoto mwenyewe kwamba imekosewa: kifungo kimebaki bila tundu, maji yamemwagika, kipande kimoja hakina pa kukaa. Pale ambapo lazima mwalimu aseme "umekosea", hiyo zana bado haijakamilika.

Akitupa zana, usimhutubie. Sema kwa sauti ya chini: "Choroko hizi ni za kumimina. Leo tunazirudisha." Mrudishe nazo rafuni pamoja. Kesho mwonyeshe upya kama ndiyo mara ya kwanza.

Muda: saa mbili hadi saa tano asubuhi bila kukatwa. Karibu na saa tatu na nusu kelele zitapanda, watoto watazurura, na mkono wa mwalimu utakwenda kwenye kengele. Msiipige. Subirini dakika 10 hadi 15. Baada ya wimbi hilo ndipo mtoto anapochukua kazi nzito ya siku na kuzama ndani yake. Mkikata pale, hamtaiona kamwe, na mtaamini watoto wadogo hawawezi kutulia.

Msaidizi asifundishe. Kazi yake ni kujaza jagi, kukausha sinia, kumpeleka mtoto msalani na kukaa kimya. Watu wazima wawili wakionyesha kwa njia mbili tofauti, mtoto anabaki njia panda.

fundi_wa_duga

Niingie kwenye mbao, hapo ndipo fedha hupotea.

Mnara wa michemraba 10: mdogo sentimita 1, mkubwa 10, kila mmoja unazidi uliotangulia kwa sentimita 1 kamili. Mafundi wengi hushika mbao ya inchi 4 kwa 4 na kuanza kukata. Hiyo ikishapita kwenye randa inabaki sentimita 9.4 au 9.5, basi mchemraba wa 10 unakuwa 9.5 na wa 9 unabaki 9. Jicho la mtoto linapotezwa, maana hatua ya mwisho ni nusu ya zile nyingine. Gundisheni mbao mbili au tatu kwanza mpate mche wa sentimita 11, mbane kwa jiliwa usiku kucha, ndipo mrande. Kateni kubwa kwanza, ndogo zitoke kwenye mabaki. Kila mkato wa msumeno unakula milimita 3, uhesabuni. Kosa lisizidi nusu milimita kila upande, na pembe zipimwe kwa guni, la sivyo mnara unaegemea ukifika wa sita.

Fundi akishauri mnara uwe mtupu ndani ili upungue uzito, kataeni. Michemraba yote pamoja ina sentimita za ujazo 3,025, na ule mkubwa peke yake 1,000. Mtoto anaujua ukubwa kwa uzito mkononi kabla hajaujua kwa macho.

Fito za kuhesabia: 10, ya kwanza sentimita 10, ya mwisho mita 1, unene sentimita 2.5. Zimegawanywa kwa rangi nyekundu na buluu kila sentimita 10, zikianza na nyekundu. Jumla ni mita 5.5. Vipande viwili vya futi 12 vinatosha: cha kwanza kitoe 100, 90, 80 na 70, cha pili 60, 50, 40, 30, 20 na 10, na kinabaki kipande kirefu cha akiba. Pakeni nyekundu yote kwanza, ikauke, bandikeni utepe pa kuzuia, pitisheni vanishi kidogo ukingoni mwa utepe, ndipo buluu. Bila ile vanishi buluu itapenya chini ya utepe na mpaka utakuwa wa mawimbi, na mtoto anahesabu mipaka.

Mbao gani? Mitiki ya shamba la miti la Longuza haipindi ovyo na mchwa hawaipendi, ila bei yake mnaijua. Tumieni kwenye fito, ambazo ndizo za kwanza kupinda kwa kuwa ni ndefu na nyembamba. Mfenesi uliokauka ni mzuri kwa michemraba. Paini inafaa ikiwa kavu kweli, na neno la muuzaji halitoshi: pimeni kipande kwa mzani wa jikoni, andikeni uzito, kiwekeni kivulini penye upepo, mpime tena baada ya siku 7. Uzito ukiwa umeshuka, bado ni mbichi, ngojeni. Mbao iliyokatwa mbichi ikatengenezwa Januari kwenye jua la kaskazi, masika ikiingia Machi utaona kila kiungo kimefunguka au kimevimba.

Rangi iwe isiyo na madini ya risasi, imeandikwa hivyo kwenye kopo. Rangi ya maji ikikauka mkononi haijakauka kweli. Kwa unyevu wa Tanga iachieni siku 14 kabla ya kupandanisha michemraba, vinginevyo itagandana na kung'oana rangi.

Rafu: urefu sentimita 75 kwenda juu, kina 30, ngazi tatu, wazi mbele. Zikae sentimita 5 mbali na ukuta. Mchwa hupanda na ukuta, na pale nyuma ukungu huanza kimyakimya wakati wa masika. Misumari ya kawaida itaota kutu na kutoa madoa mekundu. Skurubu za shaba au viungo vya gundi na vijiti vya mbao ndiyo salama karibu na bahari.

Jambo moja ambalo halina haja ya fundi: sanduku la kuhesabia 0 hadi 9. Lina vyumba 10, na jumla ya vihesabio ni 45, bila kuzidi wala kupungua. Chumba cha 0 kinabaki kitupu, na akikosea popote atabakiwa na ziada au atapungukiwa mwishoni. Badala ya kuchonga vijiti 45, tumieni komwe. Kete za bao moja ni 64, kwa hiyo mnapata 45 na akiba ya 19.

sauti_na_herufi

Swali la tatu.

Kiswahili kinatusaidia mno hapa na ni dhambi kutotumia bahati hiyo. Herufi moja, sauti moja, karibu kila mahali. Mtoto akijua sauti a, m, k, t na i anaweza kujenga mama, kaka, mti, kiti, taka, kima, kabla hajashika kalamu. Kwa hiyo anzeni na sauti. Lakini semeni sauti, si jina la herufi: "mmm", si "em" wala "ma". B, d, k, p na t haziwezi kusemwa peke yake kwa kuvuta. Zisemwe kwa ufupi sana, sauti ikatwe mara moja.

Herufi za msasa, yaani zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye kibao ili mtoto azipapase, ni hivi. Kiswahili kinahitaji herufi moja moja 23 (c peke yake haina kazi, q na x hazipo), na sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili ziwe kwenye ubao mmoja: ch, sh, th, dh, gh, ny na ng'. Jumla mbao 30. Ongezeni tarakimu 0 hadi 9, mbao 40. Robo ya plaiwudi ya milimita 6, yaani futi 2 kwa 4, inatoa mbao 40 za sentimita 11 kwa 14: tano upande mmoja, nane upande wa pili. Irabu 5 zipakwe buluu, konsonanti nyekundu isiyokolea, tarakimu kijani. Zile za herufi mbili ubao ulale. Chini ya kila ubao wekeni mstari mwembamba, mtoto ajue upande wa juu. N na u zinageuzana hapo.

Msasa nambari 120. Nambari 60 unakwaruza ngozi na mtoto ataacha kugusa, 240 hausikiki kidoleni. Herufi ichorwe kinyume upande wa nyuma wa karatasi, ikatwe kwa kisu kutokea nyuma. Mkasi unakufa kwa karatasi mbili. Karatasi 8 zitatosha pamoja na zitakazoharibika. Gundi ya karatasi au wanga haimalizi masika moja, kingo zitanyanyuka. Tumieni gundi ya viatu: pakeni pande zote mbili, subirini hadi isinate kidoleni, ndipo mbonyeze. Mfanyie nje, watoto wakiwa wameondoka, harufu yake ni kali.

Somo lenyewe ni hatua tatu, herufi mbili au tatu zisizofanana kwa sauti wala umbo (m, a, s, kamwe msiweke b na d pamoja). Kwanza unaipapasa kwa vidole viwili kwa mwendo wa kuandika, unasema "hii ni mmm", naye anapapasa. Pili: "nionyeshe mmm", "niwekee sss hapa", mara nyingi, kama mchezo. Tatu, tena ikiwa tu ya pili imekwenda vizuri: "hii ni nini?" Akikosea, rudi hatua ya pili au funga kwa leo. Usimsahihishe.

Kisha herufi za kujengea maneno, zilizokatwa kwenye kadi ngumu na kupangwa kwenye sanduku la vyumba. Onyo kwa wanaonakili idadi kutoka seti za Kiingereza: a zitakwisha. "Anapakata paka" peke yake inakula a saba. Kateni a 25, i 20, u 15, e na o 12 kila moja. K, m, n, w na l 12 kila moja. Nyingine 6 hadi 8. F, v na z hata 6 ni nyingi.

Kuhusu chuo: kusoma kutoka kulia na kusoma kutoka kushoto vinaweza kukaa kichwani mwa mtoto mmoja bila shida, watoto wa mwambao wanafanya hivyo miaka yote. Kinachohitajika ni alama. Kwenye mkeka wa kujengea maneno wekeni kidoti cha kijani pembe ya kushoto juu, "tunaanzia hapa". Mtoto akijenga "amam" badala ya "mama", usibomoe. Soma alichojenga kwa sauti, kama kilivyo, huku kidole kikitoka kwenye kidoti. Atacheka na kugeuza mwenyewe.

mwl_silabi

Na mimi naongeza, nikitofautiana kidogo na aliyetangulia. Sauti peke yake inafika mahali inakwama kwa b, d, g, k, p, t. Mtoto anasoma "ke-a-ke-a" na hasikii kaka. Baada ya irabu tano na konsonanti nne hivi, mletee ukanda wa silabi: herufi moja ya msasa isimame, irabu tano zipite mbele yake moja baada ya nyingine, ma, me, mi, mo, mu. Dakika tatu kwa siku. Hiyo haiondoi herufi za kujengea, inazipa ulimi. Pia mkumbuke mwl. wa darasa la kwanza atakayewapokea anafundisha kwa silabi, mtoto asikute lugha ngeni.

Na mb, nd, nj, nz msizifanyie ubao wa pamoja, mtoto azijenge kwa herufi mbili. Lakini ngoma na ng'ombe wazisikie tofauti mapema, midomoni kabla ya karatasini.

sauti_na_herufi

Ukanda wa silabi nakubali, kwa masharti mawili: irabu zianze kuletwa na mtoto mwenyewe kwa mkono, na isigeuke tena kuimba kwa pamoja.

mwalimu_chumbageni

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimebakiwa na matatu. Uji tunatoa saa nne kamili kwa wote, na unakata ule muda wa saa mbili hadi saa tano. Pili, wazazi wanataka daftari lenye alama ya vema kila siku, na wapo wanaosema njia hii ni ya watoto wa wenye nazo. Tatu, mthibiti ubora akija atauliza andalio la somo, na kila mtoto anafanya kitu tofauti.

mama_wa_awali

Uji: uwe kazi ya rafu. Meza moja ya viti viwili, vikombe vinne, chupa ya kuhifadhi joto ya lita 2 imejazwa nusu, beseni la kuoshea. Uji uwe wa vuguvugu, usiounguza. Msaidizi ajaze tena. Kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu mtoto mwenye njaa anakwenda, anamimina, anakunywa, anaosha, anamwachia mwingine. Wawili wawili kwa dakika saba hivi, 24 wanamalizika ndani ya saa moja na nusu. Jina lake kwenye kibao kidogo analigeuza akishakunywa, hivyo unajua nani hajanywa ifikapo saa nne na robo, na huyo unamkumbusha. Uji mzito unaganda mdomoni mwa chupa, uchujwe.

Daftari: mzazi ana haki ya kuona mtoto wake anajifunza. Tatizo ni kwamba tumemzoesha alama ya vema kuwa ndiyo ushahidi pekee. Kila Ijumaa mpeni kipande cha karatasi cha mistari mitatu: kazi aliyorudia zaidi, alichoweza ambacho wiki iliyopita hakukiweza, cha kumwachia afanye nyumbani ("mwacheni achambue mchele"). Mara moja kwa muhula waiteni wazazi asubuhi, wakae kwenye viti vidogo watazame saa nzima bila kusema. Mzazi akimwona mwanawe wa miaka 5 anajenga "baba amekuja" kwa herufi za kadi, hoja ya daftari inalegea yenyewe. Wa mwaka wa mwisho, miezi minne kabla ya darasa la kwanza, wapewe daftari la kweli: kunakili kutoka ubao ulio mita 3, kuandika kwenye mistari, kukaa somo la dakika 30 pamoja. Hayo ndiyo yatakayowakuta kule, na ni kuwaonea kutowaandaa.

Kuhusu wenye nazo: Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa wafanyakazi maskini, kwa watoto waliokuwa wakibaki peke yao wazazi wakiwa kazini. Waambieni wazazi hivyo hivyo.

Mthibiti: shule iliyosajiliwa inafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu, na mtaala wa awali wenyewe unataka kona za ujifunzaji na kujifunza kwa vitendo. Hamko nje ya mstari. Andalio la somo liandikeni kwa kufuata umahiri uliotajwa kwenye mtaala. Mfano, chini ya stadi za awali za kihisabati: kikundi A (majina 7) sanduku la 0 hadi 9, kikundi B (majina 5) fito za kuhesabia, waliobaki wanarudia kazi walizoonyeshwa. Azimio la kazi lioneshe kazi zipi mpya zinaingia rafuni wiki gani.

Kumbukumbu: daftari moja, majina chini, kazi juu. Mstari mmoja wa mshazari, ameonyeshwa. Mistari miwili inayokatana, anarudia. Pembetatu iliyojazwa, anaweza bila msaada na anaweza kumwonyesha mwenzake. Mwalimu aketi dakika 10 kila asubuhi bila kuonyesha mtu, ajaze. Mtoto mwenye mishazari mingi na misalaba michache anaonyeshwa mno na haachiwi kurudia. Mtoto asiye na mshazari mpya wiki mbili amesahauliwa. Wapole ndio husahauliwa, anzeni kuwatafuta hao.

fundi_wa_duga

Nimeona hamjauliza shanga za makumi na mamia, ila mtazifikia. Kwa maonyesho ya kwanza mnahitaji moja moja 9, makumi 9, mamia 9 na elfu moja: shanga 1,999. Msinunue zote. Shanga 99 zifanye moja moja na vijiti vya kumi (shanga kumi kwenye waya), mamia yawe vibao vya plaiwudi vya kila upande urefu sawa na kijiti cha kumi, vimechorwa miraba 100. Elfu ni mchemraba wa mbao wenye upande huo huo. Kijiti cha kumi kipimwe kwanza baada ya kufungwa, ndipo mbao ikatwe kwa kipimo hicho, kwa sababu shanga za dukani zina ukubwa wa kubahatisha na mtoto ataweka vijiti 10 juu ya kibao aone kama vinalingana. Waya uwe wa shaba.

mlezi_raskazone

Nyongeza ya usalama kabla hamjaanza kukusanya mbegu. Zile nyekundu nzuri zenye doa jeusi, zinazofungwa kwenye mapambo, na za mbarika zisiingie chumbani kabisa, zina sumu kali. Moja ikitafunwa inatosha kumdhuru mtoto mdogo. Maganda mabichi ya korosho nayo mafuta yake yanaunguza ngozi. Na mtoto yeyote ambaye bado anatia vitu mdomoni, hata akiwa na miaka 3 na nusu, asipewe komwe wala choroko. Aanze na maji, kitambaa na fagio, na mumtazame kwa wiki mbili kabla ya kumpa mbegu.